Kliniki ya siku ya 42 peke yako na mtoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ziara za siku ya 7 na ya 28 wengi husindikizwa na mama mzazi, wifi au dada. Ikifika ya siku ya 42, arobaini imekwisha, wageni wamerudi kwao na baba yuko kazini. Ndiyo maana kwa akina mama wengi wa Dar es Salaam safari ya kwanza ya peke yao na mtoto ni hii ya chanjo ya wiki 6. Majibu yafuatayo ni ya anayekwenda zahanati au kituo cha afya cha serikali kwa usafiri wa kawaida wa mjini. Mambo mawili yatajirudia mpaka mwisho: saa ya kunyonya, na mkono mmoja ulio huru.

Kwa nini siku ya 42 hasa? Nikiwahi au nikichelewa?

Kwa utaratibu wa Tanzania, mama na mtoto huonwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Siku ya 42 ndiyo wiki ya 6, na hapo chanjo nne hutolewa kwa mpigo: penta ya kwanza (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria wa nimonia na uti wa mgongo), PCV ya nimonia, matone ya polio na matone ya rota, ya kuzuia kuhara.

Kuchelewa siku mbili tatu hakuharibu kitu. Hata ukichelewa wiki kadhaa unaendelea pale ulipoishia, huanzi upya. Kuwahi ndiko kunakosumbua, kwa sababu penta iliyotolewa kabla ya wiki 6 kutimia haihesabiwi, na nesi makini atakurudisha nyumbani. Hesabu siku kwenye kalenda kabla ya kutoa nauli. Na kama mtoto ni njiti, hesabu ni ileile ya tangu alipozaliwa, hata kama uzito wake bado mdogo.

Nitoke nyumbani saa ngapi?

Anza na titi, saa ya ukutani itafuata. Mtoto wa wiki 6 hunyonya kila baada ya saa 2 hadi 3. Ukitoka mara tu baada ya kumnyonyesha vizuri, una kama saa 2 za amani, ambazo kwa safari nyingi za ndani ya wilaya zinatosha kufika na kupata nafasi kwenye benchi.

Kosa linaloharibu asubuhi nzima ni kumwandaa mtoto kwanza. Anaogeshwa, anavalishwa, ananyonya, ndipo mama anaanza kuoga na kutafuta kanga. Kufikia mlangoni saa nzima imeliwa, nepi imejaa, na njaa inamkuta katikati ya foleni ya magari. Geuza mpangilio. Begi lifungwe usiku. Asubuhi oga wewe, kunywa chai na kitafunwa, vaa, nenda msalani. Mtoto ndiye wa mwisho: kama unataka kutoka saa 1 kasoro robo, mwamshe saa 12 na robo, anyonye pande zote mbili, acheue, badilisha nepi, mfunge kifuani, toka. Kumwogesha kunaweza kusubiri jioni. Hakuna nesi atakayemnusa.

Kliniki nyingi hupanga kadi kwa mfuatano wa kufika, na huduma hufunguliwa kwa somo fupi la afya. Ukifika saa 1 na nusu uko nafasi nzuri. Ukifika saa 4, jiandae kurudi saa 8 mchana na jua lake.

Begi liwe na nini?

Kwa safari ya saa 5: nepi 5 (moja kwa kila saa 2, na za akiba kwa sababu maziwa na daladala havipatani), nguo za mtoto seti 2, kanga doti moja, kitambaa laini na chupa ndogo ya maji safi ya kumpangusia, mfuko wenye zipu wa kuwekea vilivyochafuka, pedi 2 zako, blauzi ya akiba, na maji ya kunywa lita moja. Anayenyonyesha hukaukiwa koo haraka, na kwenye benchi la kliniki si rahisi kunyanyuka kwenda dukani.

Nauli iwe chenji, tena si ndani ya begi. Funga kwenye pindo la kanga au weka mfuko wa mbele, kwa sababu konda hasubiri ufukue chini ya nepi.

Kadi ya mtoto (RCH 1) na kadi yako ya uzazi ziingie kwenye jalada gumu la plastiki. Karatasi ile ikilowa wino unayeyuka, na tarehe za chanjo zikifutika huna ushahidi mwingine mkononi. Piga pia picha kurasa zote kwa simu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 wengine hubeba kadi ndani ya ule mfuko mbadala wa kitambaa, ambao hauzuii tone la mvua.

Begi lenyewe liwe la mgongoni au la kukatiza kifua. Pochi ya begani huteleza kila unapoinama, na ukiizuia umepoteza mkono wako mmoja.

Usichohitaji: maji ya mtoto, dawa za chango na mablanketi matatu. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji hata tone la maji, jua liwake vipi. Kama anatumia maziwa ya kopo, beba unga uliopimwa kwenye kikopo kikavu na chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, changanya pale pale, yapooze kabla ya kumpa, na mabaki uyamwage.

Nimbebe mgongoni au mbele?

Mbele. Shingo haijakaza, na mgongoni huoni uso wake. Mbeleko ya mgongoni isubiri mpaka aweze kushika kichwa mwenyewe, kwa wengi kuanzia mwezi wa 3 au wa 4. Na kumbeba mikononi tu njia nzima ni kujitesa, maana utahitaji mkono wa kushika bomba la daladala, wa kulipa, na wa kufungua mlango.

Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu. Kwa mama mwembamba inatosha. Mwenye mwili atumie kitenge cha yadi 2, kwa kuwa fundo la mara moja linalobaki na vincha vya sentimita tatu hufunguka. Fanya hivi:

Ikunje kwa urefu wake mara moja. Ipitishe juu ya bega moja na chini ya kwapa la upande wa pili, ufunge fundo la mara mbili karibu na bega, pembeni ya mfupa wa mtulinga (fundo likikaa juu ya mfupa, baada ya nusu saa utalilia wewe badala ya mtoto). Ukiwa umekaa kitandani, muweke mtoto wima, tumbo lake kwenye kifua chako, miguu imekunjwa kama ya chura. Tandaza kitambaa kutoka nyuma ya goti moja hadi la pili, makalio yazame chini kuliko magoti, kisha ukipandishe mpaka kwenye kisogo. Kaza. Ndipo usimame taratibu, mkono mmoja ukiwa mgongoni mwake.

Sasa kagua. Vidole viwili viingie kati ya kidevu chake na kifua chake. Kidevu kilichoangukia kifuani hubana njia ya hewa, na mtoto wa umri huu hana nguvu ya kujinyanyua wala hatapiga kelele. Pua na mdomo uvione bila kufunua kitu. Uweze kumbusu utosini bila kuinama. Kila unapoinama njiani, kunja magoti na umshike mgongo.

Aliyejifungua kwa upasuaji asipitishe fundo wala mkunjo tumboni, na asibebe kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe. Hapo begi lipunguzwe, au atafutwe mtu wa kulibeba mpaka kituoni.

Fanya jaribio siku mbili kabla. Mfunge, tembea mpaka duka la mtaani, nunua chumvi, rudi. Mengi yatakayokusumbua siku yenyewe utayaona kwenye hizo dakika 15.

Avae nguo ngapi?

Kwa joto la Dar, moja tu na nepi, na kanga nyepesi ya kumkinga jua. Kofia ya sufu, soksi, sweta na blanketi ni vya Njombe. Gusa nyuma ya shingo: pakiwa pamelowa jasho, punguza.

Kuna athari nyingine ya kumfunga sana isiyojulikana na wengi: anafika kliniki kipimajoto kinasoma 37.6, kila mtu anashtuka, kumbe ni blanketi. Mfungue, kaa naye penye hewa dakika 15, apimwe tena. Upepo wa dirishani haumpi nimonia. Vijidudu vya mtu anayekohoa ndivyo vinavyompa, kwa hiyo afadhali dirisha wazi kuliko kiti kando ya mwenye kikohozi. Na usimfunike uso kwa kanga. Joto hupanda humo ndani na hewa hupungua.

Daladala, mwendokasi, bajaji au bodaboda?

Bodaboda, hapana. Hata ya hapo karibu tu, hata dereva akiwa ni mtoto wa jirani.

Daladala ni salama zaidi ukikaa kuliko ukisimama, kwa hiyo kazi yako ni kupata kiti. Panda linapoanzia. Kama kituo chako ni cha katikati ya njia, geuza nalo: panda linaloelekea mwisho wa ruti, kaa, lipa nauli ya ziada, urudi nalo. Kwa mwenye mtoto mchanga nauli hiyo ya pili haina hasara. Epuka siti ya mwisho inayorusha na ile ya karibu na mlango inayogongwa na kila anayeshuka. Chagua ya dirishani upande usio na jua. Kabla hujaweka mguu mwambie konda kwa sauti, "Nina mtoto mchanga, nikae kwanza," na abiria wenyewe watamkemea dereva akiondoa gari. Kushuka, sema kituo kimoja kabla, na usinyanyuke mpaka gari lisimame.

Mwendokasi huenda haraka, ila asubuhi mlango hugeuka vita. Usiingie na wimbi la kwanza. Subiri pembeni, na basi likijaa liache liende.

Bajaji inafaa kama kliniki iko ndani ya mtaa au una mshono. Patana bei kabla ya kupanda, kaa katikati ya kiti mbali na uwazi wa pembeni, begi kati ya miguu, na umwambie dereva apite matuta polepole. Kwenye teksi kaa nyuma. Mkanda ni wako peke yako, upite kati yako na mtoto. Kumfungia ndani ya mkanda wako ni hatari kwa kuwa gari likifunga breki uzito wako wote humkandamiza. Ukweli ni kwamba hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto kwenye ajali kubwa. Dereva anayeendesha polepole ana thamani kuliko anayepunguza bei.

Akilia ndani ya gari, watu wote wakinitazama?

Pitia mambo matatu kwa mpangilio huu: joto, gesi, njaa. Fungua dirisha na ulegeze kitambaa. Kisha msimamishe wima begani umgonge mgongo taratibu. Bado? Mnyonyeshe. Blauzi ya vifungo au ya kunyanyua kutoka chini, na kanga ya pili begani, vinatosha. Atakayekutazama vibaya ni mmoja. Watatu watakwambia "pole mama" na wa nne atataka kumpakata. Kumpa mgeni akupakatie wakati gari linatembea si lazima, na "asante, ameshazoea hapa" ni jibu la heshima.

Ukishindwa kabisa, shuka. Kituo cha mbele kina kivuli na daladala jingine.

Nikibanwa na haja nikiwa peke yangu naye?

Usimlaze sakafuni wala juu ya sinki. Kama choo ni cha kuchuchumaa na uko na mbeleko ya mbele, kuchuchumaa kunawezekana ukiwa umemshika mgongo kwa mkono mmoja na ukutani kwa mwingine, lakini sakafu ikilowa usijaribu. Njia rahisi ni kumwomba nesi wa mizani, au mama mliyekaa naye benchi moja ambaye kadi yake bado iko mezani. Begi baki nalo, au angalau simu na kadi.

Kliniki nianzie wapi?

Weka kadi kwenye rundo, uliza nani wa mwisho, kaa. Kwa kawaida mzani ndio wa kwanza.

Mzani wa kuning'iniza una mistari ya gramu 100, na ndoano ambayo mtoto hutundikwa kwa suruali maalumu au kwa kanga. Mvue nguo zote na nepi, maana nepi iliyolowa huweza kuongeza gramu 100 au zaidi na kuficha kwamba hakuongezeka. Mwombe nesi aweke mshale kwenye sifuri suruali ikiwa tayari inaning'inia. Mtoto akirusha miguu mshale hucheza, subirini utulie. Aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida huwa amefika kilo 4 au kuzidi kufikia wiki 6. Lakini cha kutazama ni mwelekeo wa mstari kwenye kadi, si kumlinganisha na wa jirani kwenye benchi. Mstari ukilala au kushuka, omba wakutazame unavyomnyonyesha kabla mtu hajakushauri kopo.

Chanjo yenyewe ni ya dakika chache. Matone hutangulia: 2 ya polio, kisha rota. Akitema, sema hapo hapo. Halafu sindano mbili, penta paja moja na PCV paja jingine. Mpakate mgongo wake ukiwa kifuani mwako, mikono yake ndani ya mkono wako mmoja, miguu kati ya mapaja yako. Mguu ulio huru ndio unaopinda sindano. Mnyonyeshe mara tu zikiisha, au hata wakati zinachomwa kama nesi anaruhusu, kilio hufupika. Usisugue mahali pa sindano.

Usiondoke papo hapo. Kaa dakika 15 hadi 30 kwenye benchi, kwa kuwa mzio mkali, ingawa ni nadra, huanza mapema.

Hakupata BCG (chanjo ya kifua kikuu ya mtoto anapozaliwa) hospitalini, na kliniki wananiambia nirudi siku nyingine. Wananizungusha?

Mara nyingi hapana. Kichupa kimoja cha BCG ni cha dozi 20, na kikishafunguliwa na kuchanganywa hutupwa baada ya saa 6. Ndiyo maana kliniki hukusanya watoto na kuwapangia siku maalumu. Uliza siku gani, piga simu kabla kama una namba yao. Penta na PCV hazina sababu hiyo ya kusubiri siku, kwa hiyo ukirudishwa kwa ajili ya hizo, uliza kama zimeisha na kituo gani cha jirani kinazo. Kadi yako inapokelewa kituo chochote.

Kwa aliyepata BCG: kipele kinachotunga usaha kidogo begani wiki chache baadaye ni kawaida. Usikikamue wala kukipaka kitu.

Ana mafua. Niende au niahirishe?

Mafua ya kawaida, akinyonya vizuri na bila homa, hayazuii chanjo. Lakini kama hanyonyi, ana homa, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinabonyea ndani anapovuta hewa, kitovu kina wekundu unaosambaa, viganja na nyayo ni vya njano, au amepata degedege, nenda leo leo kama mgonjwa na upite mlangoni bila kusubiri foleni ya chanjo.

Usiku akichemka baada ya sindano?

Homa kidogo, kulialia na uvimbe pajani kwa siku moja au mbili hutarajiwa. Mpunguzie nguo, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Usimpe panadol kabla ya sindano eti asiumie, na baada ya sindano usikadirie kwa kijiko cha chai: dawa za maji hutofautiana nguvu, na dozi hupimwa kwa kilo. Muulize nesi kabla hujaondoka, akuandikie mililita kwa uzito aliopima leo. Usikande kwa maji ya moto wala kupaka mafuta ya taa.

Mrudishe akilia mfululizo zaidi ya saa 3, akikataa titi, akilegea, akipata degedege, au homa ikipita saa 48. Kwa wiki mbili baada ya rota, nawa kwa sabuni kila ukibadilisha nepi, kwani virusi hafifu vya chanjo hutoka na choo chake.

Na mimi mwenyewe?

Usiondoke na mtoto tu. Siku ya 42 ni yako pia: presha, wingi wa damu, matiti, tumbo la uzazi, mshono, na uzazi wa mpango kama unautaka. Foleni yake huwa chumba kingine, na wengi huikosa kwa sababu hakuna aliyewaita. Kama unatumia dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwenda kwa mtoto, huu ndio wakati wa kipimo chake cha damu ya kisigino. Mweleze nesi faraghani. Na kama siku nyingi unalia bila sababu au huoni usingizi hata mtoto akilala, litaje kama unavyotaja homa.

Baba anaweza kumpeleka peke yake?

Ndiyo, akiwa na kadi. Tatizo ni maziwa. Yaliyokamuliwa yasizidi saa 4 nje ya friji, na kwa joto la Desemba hadi Machi yawe chini ya hapo. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo kisafi. Kufunga kanga kifuani ni kulekule, ila baba wengi huhitaji kitenge kirefu.

Tarehe ya kurudi nihesabuje?

Dozi ya pili ni wiki ya 10, yaani siku 28 kamili toka hii, na ya tatu wiki ya 14, ambapo huongezwa sindano ya polio. Kabla hujainuka, soma tarehe iliyoandikwa kwenye kadi na uihesabu mwenyewe. Ikiangukia sikukuu, sogeza mbele, kamwe si nyuma, kwani chini ya wiki 4 dozi haihesabiwi. Safari hiyo atakuwa mzito zaidi kwa karibu kilo moja, kwa hiyo pima kanga yako upya nyumbani.